Sentensi ya Nne Si Kweli

Jumanne, 3 Juni

Nimemkosea mama mkwe wangu. Naandika hivyo kabla ya chai, maana nikishakunywa chai nitaanza kujitetea.

Kosa lenyewe limeshasambaa duniani kote. Yeye bado hajui. Yuko sebuleni anamwimbia mwanangu, na mwanangu anamsikiliza kama anayepokea maagizo ya serikali.

Nieleze. Kazi yangu ni programu ya blogu. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaichukua bure, anafungua blogu yake, anaandika. Akiona kasoro anatuambia. Akiweza anairekebisha mwenyewe, anatutumia, na sisi tunaipokea kwa mikono miwili. Tuko wengi na hatujawahi kuonana. Ajabu hiyo haijaniisha mpaka leo. Mtu nisiyemjua anarekebisha kosa langu, halafu ananishukuru mimi kwa kumpa nafasi!

Sasa nimepata ajabu nyingine, kubwa zaidi. Binti. Ana miezi mitatu. Wa kwanza, nami nywele zilishaanza kunikimbia zamani. Ana kucha! Nilijua watoto wana kucha, sikatai. Lakini sikujua kwamba wanakuja nazo zimekamilika hivi, moja moja, kama kazi ya fundi asiye na haraka. Nimezitazama leo asubuhi mpaka nikasahau nilichofuata chumbani.

Basi. Nilimwahidi mke wangu kwamba sitagusa kompyuta mpaka atakaporudi kazini Jumatatu. Yeye ni mpima ardhi. Kwa mara ya kwanza amepewa kuongoza kikosi. Wataanza maandalizi ofisini, halafu Ijumaa ya wiki ijayo, alfajiri, wanaondoka kwenda kupima njia ya bomba la maji. Wiki nzima. Mama yake amekubali kukaa nasi. Mtoto chupa ameshaikubali, lakini kwa mkono wa bibi tu. Kwa hiyo mke wangu alisema maneno mafupi: mama akiwepo, naenda. Mama asipokuwepo, siendi. Mimi kwenye hesabu hiyo sikutajwa.

Jana mchana nilijifungia kwenye chumba cha kupigia pasi, mtoto kifuani, kompyuta mezani. Niliaga kwamba nakwenda kupiga pasi nepi. Uongo. Toleo jipya la programu lilikuwa linangoja, na mimi ndiye mwenye kubonyeza. Lilibaki pengo moja tu: makala ya mfano. Kila blogu mpya huzaliwa na makala moja ndani yake, ili mwenyewe aone makala inavyokaa. Ya Kiswahili ilikuwa tupu. Ilikuwa inanisubiri mimi.

Hapo hapo mchango ukaingia. Sisi kazini tunaita mchango yale marekebisho mtu anayotutumia kwa hiari yake. Ulikuwa mzuri ajabu, umemaliza tatizo lililotutesa tangu mwaka juzi. Nikapiga kelele: mchango! Jamani, kuna mchango mkubwa!

Mama mkwe aliingia mbio, mlango ukagonga ukuta. Kwake yeye mchango ni mmoja tu, ule wa tumboni, unaowaliza vichanga. Alimchukua mtoto kifuani pangu kama mtu anayeokoa kitu kwenye moto. Akamgusa tumbo kwa vidole viwili. Akasema ndiyo, limekaza kama ngoma. Nikamweleza kwamba mchango ni wa kompyuta. Akasema kompyuta haina tumbo. Akaondoka na mtoto. Nikabaki nimekumbatia hewa.

Hasira! Nikaandika kwenye lile pengo, ili tu nione herufi zinavyokaa, nia yangu ikiwa kufuta baadaye:

“Leo mwanangu amepiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo kuliko zote duniani. Baada ya chafya alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipiga. Mama mkwe wangu hajui kitu. Karibu kwenye blogu yako.”

Nikasikia hatua zake zinarudi. Nikabonyeza kitufe cha kufunga. Hakikuwa cha kufunga.

Leo asubuhi nimeona. Toleo limetoka. Kila blogu mpya ya Kiswahili, popote ilipo chini ya jua, inafunguka kwa kumwambia mwenyewe kwamba mama mkwe wangu hajui kitu.

Chai imepoa.


Jumatano, 4 Juni

Mpango: toleo la marekebisho, kimya kimya, kabla ya chakula cha mchana.

Mpango umekufa kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo ni sheria. Toleo likishatoka, hakuna badiliko linaloingia bila jicho la pili. Sheria hiyo niliitunga mimi, nilipokuwa sina mtoto na nina busara. Na jicho la pili upande wa Kiswahili ni Koma. Tunamwita Koma kwa sababu anaweza kukurudishia kazi ya wiki nzima kwa kosa la mkato mmoja, na pia kwa sababu akishasema neno lake, unakoma. Sijawahi kumwona uso. Namwona kwenye ndoto.

Koma ameniuliza kwa nini nataka kubadilisha. Nikasema kuna kosa la tahajia. Akauliza lipi. Nikasema nina wasiwasi na neno chafya. Akanitumia kurasa za kamusi. Akasema kwamba makala ile ndiyo bora niliyowahi kuandika, kwamba zile za zamani zilikuwa kama maelekezo ya kufungulia mkebe, na kwamba niangalie watu wanavyoipokea.

Nikaangalia.

Loo.

Kwa kawaida mtu akifungua blogu, kitu cha kwanza anafuta makala ya mfano. Hawa hawafuti! Wanaiacha, na chini yake wanaandika ya kwao. Dereva wa lori ameandika kwamba mwanawe alipiga chafya ya kwanza wakati yeye yuko safarini, na akaomba asimuliwe kwa simu, taratibu, tangu pua ilivyoanza kukunjamana. Mwanamke mmoja ameandika kuhusu kisigino cha mtoto wake, kisigino tu, ukurasa mzima, na mimi nimesoma mpaka mwisho nikaenda kutazama cha wangu. Ni kweli kila alichosema. Mwingine anagombana na watu kwenye maoni, anasema mama mkwe wake yeye anajua, tena anajua mengi, na aliyeandika yale aombe radhi.

Nimekaa nikashika kichwa. Uovu wangu umewapa watu maneno! Sikujua nifurahi au nitubu. Nikafanya vyote, kwa zamu.

Mama mkwe ameniuliza mlangoni kama siku hizi nepi zinapigwa pasi kwa vidole, maana anasikia ta-ta-ta. Nikajibu kwamba pasi yetu ni ya kisasa.

Nimeongeza dhambi juu ya dhambi. Naiandika.


Alhamisi, 5 Juni

Mama mkwe anataka kufungua blogu.

Yeye ni mkaguzi wa shule mstaafu. Walimu wakuu walikuwa wanapandwa na homa wakisikia mlio wa gari lake. Sasa anataka kuwaandikia akina mama vijana, kuhusu kulea, kwa sababu anasema anayoyaona humu ndani yanatosha kitabu. Na mke wangu, kwa fahari iliyonichoma moyo, akaruka: si utumie ya mume wangu, mama!

Nikasema vizuri sana, mama, niachie mimi, nitakufungulia na kukusafishia kila kitu. Akasema hapana, mwanangu, asante. Yeye amekagua mabweni yaliyokuwa na nyoka, hatashindwa na kitufe.

Mpango: nimechomoa waya wa mtandao nyuma ya kabati. Nikatangaza kwa huzuni kwamba mtandao umekatika mji mzima.

Mama mkwe akasogea dirishani. Chini barabarani kulikuwa na kijana anatazama video kwenye simu, anacheka mpaka anajipiga paja. Mama mkwe akaniuliza, kwa upole kabisa, huyu yeye anaishi mji gani.

Akatwaa shali lake, akashuka saluni.

Ile saluni iko chini ya dirisha letu. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu WIFI BURE. Tangu aje, mama mkwe hajaacha kulilaani lile bango. Wifi wa nani huyo anayegawiwa bure? Ana kaka au hana? Leo akamfuata wifi huyo huyo.

Nikabaki na mtoto. Nikasimama dirishani, nyuma ya pazia, nikachungulia. Niliona kila kitu kama sinema isiyo na sauti. Mama mkwe ameketi kati ya wawili waliovalishwa mashine za kukausha nywele. Miwani kwenye ncha ya pua. Simu mkononi. Anabonyeza. Anasoma. Msusi, kichana juu, anainama kusoma naye. Anaita mwenzake. Mwenzake anasoma kwa sauti, naona mdomo unavyokwenda. Halafu vichwa vyote vya saluni, vilivyosukwa, vilivyofumuliwa na vilivyo nusu, vikageuka kwa pamoja kutazama dirisha letu.

Nikajifunika pazia, mimi na mtoto wangu.

Na hapo, ndani ya pazia, mwanangu akacheka.

Akacheka! Si tabasamu la usingizini. Kicheko chenye sauti, kimetoka tumboni, kikamshtua hata yeye mwenyewe. Akanyamaza, akafikiri, akajaribu tena. Mwanga unapita kwenye kitambaa, uso wake wa rangi ya machungwa, fizi tupu, na sauti ile. Nilisahau saluni. Nilisahau mama mkwe. Nilisahau jina langu. Nikakaa chini na pazia likaja na mbao yake.

Cheko la kwanza, na mimi ndiye shahidi pekee. Mke wangu analisubiri tangu mwezi uliopita. Anamtekenya nyayo, anamfanyia sauti za bata.

Sikuwaambia. Ningeanzaje? Wangeniuliza nilikuwa nafanya nini ndani ya pazia.


Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe hajasema kitu.

Afadhali angesema. Jana alirudi, akaning'iniza shali, akapika, akamwogesha mtoto. Kimya. Kimebadilika kitu kimoja tu. Alikuwa akiniita mwanangu. Leo asubuhi ameniita Bwana Mwandishi. Bwana Mwandishi, chai yako hii. Bwana Mwandishi, naomba unipishe nifagie. Na chai ilikuwa na sukari sawasawa nipendavyo! Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayekukasirikia anakosea sukari. Huyu alikuwa ameshavuka hasira, yuko kwenye taarifa.

Nilishuka kutupa taka. Msusi akaniamkia kwa adabu zote: shikamoo, Baba Chafya. Wenzake wakaingiza vichwa kwenye mashine ili wacheke.

Saa sita mchana taarifa ikaingia. Si nyumbani. Kazini, kwenye ukurasa wetu wa hitilafu, ambako mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuripoti kosa. Nainakili hapa neno kwa neno:

“Kichwa: Sentensi ya nne si kweli.
Aliyeripoti: Mkaguzi.
Uzito wa kosa: mkubwa.
Namna ya kulithibitisha: Chukua mtoto anayelia. Mpe baba. Mtoto ataendelea kulia. Mchukue, mpe mama mkwe.
Kilichotarajiwa, kwa mujibu wa sentensi ya nne: mtoto aendelee kulia.
Kilichotokea: amelala.”

Miaka yote nimewaomba watu waandike taarifa namna hii. Nimewabembeleza. Wananiandikia “haifanyi kazi” basi, nami nabaki kukisia. Na huyu, siku yake ya kwanza, ameandika taarifa ambayo ningeweza kuitia kwenye fremu. Hakuna neno la ziada. Hakuna tusi. Nimeisoma nimesimama.

Koma naye amesimama, nadhani. Amempongeza. Koma! Hajawahi kupongeza kiumbe. Halafu akaandika kwamba taarifa inahitaji kuthibitishwa na mtu mwenye vifaa, na kwamba kwa bahati nzuri mimi nina mtoto na nina mama mkwe. Nijaribu, niseme.


Jumamosi, 7 Juni

Mpango, na ninaona aibu ya mpango huu kuliko yote: nithibitishe kwamba kosa halipo. Nimnyamazishe mtoto mimi mwenyewe, mara moja tu, mbele ya saa ya ukutani, kisha niandike kwa mkono safi kwamba taarifa imejaribiwa na haikuthibitika. Ifungwe.

Mke wangu alikuwa bafuni. Mama mkwe alikuwa ametoka kidogo. Mtoto akaanza kulia. Vizuri! Nikamchukua. Akaongeza. Nikamtembeza. Akaongeza. Nikamweleza kwa utu uzima kwamba heshima ya baba yake iko mashakani. Akatafuta sauti ya juu zaidi, akaipata.

Jicho likaangukia lile shali kwenye msumari.

Sijui shetani gani. Nikalitwaa, nikajitanda kichwani, nikajifunga kidevuni. Nikavaa na miwani yake ya akiba. Nikaimba wimbo wake, kwa sauti nyembamba ya puani.

Akanyamaza.

Kimya kabisa! Machozi bado yako mashavuni, ananitazama. Akanishika kidole. Nguvu ya mkono ule! Kitu kina miezi mitatu na kinashika kama anayevuka mto. Nikajiona ndani ya mboni yake, kadogo, bibi mwenye ndevu. Moyo ukanijaa. Niliamini kabisa kwamba tumeelewana.

Halafu uso ukaanza kukunjika, kwanza nyusi, kisha kidevu. Amegundua. Amenitazama ndevu, amenitazama shali, na amejua kwamba ametapeliwa na mzazi wake mwenyewe. Kilio kilichofuata kiliwafanya watu wa saluni wazime mashine.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Simu ameielekeza kwangu. Alikuwa amerekodi tangu wimbo.

Akaniomba kwa adabu nimpe mtoto. Nikampa. Mtoto akalala. Akarekodi na hilo.

Kufika mchana, video ilikuwa imeambatanishwa kwenye taarifa kama ushahidi. Koma ameandika neno moja: imethibitishwa. Mwenzetu mmoja wa mbali, asiyejua Kiswahili, ameuliza yule bibi mwenye ndevu ni nani, mbona ana huruma usoni.


Jumapili, 8 Juni

Mke wangu amejua yote. Ameoneshwa video, amesoma makala, amesoma taarifa.

Hakupiga kelele. Alitumia ile sauti ya chini anayoitumia ardhi inapokataa kulingana na ramani. Akasema sentensi ni sentensi, itafutwa. Lakini siku zote hizi nilikuwa nyuma ya mlango ule nikisema napiga pasi. Akaingia kwenye chumba, akaishika pasi. Akanionesha kidole. Vumbi.

Akaniuliza kuna kingine nilichoficha.

Ningeweza kusema hakuna. Nakiri kwamba nililifikiria. Lakini alikuwa ananitazama kwa jicho lile linaloona mteremko mahali ambapo sisi wengine tunaona tambarare. Nikasema: kicheko. Amecheka Alhamisi, ndani ya pazia.

Akakaa. Alimtazama mtoto muda mrefu, kama mtu aliyefika kituoni gari limeshaondoka, kisha akamtekenya unyayo kidogo. Mtoto akapiga mwayo. Naandika hili kwa uchungu. Sijawahi kujiona mdogo vile.

Mama mkwe akatoka chumbani na mkoba. Akasema haondoki kwa hasira. Mkaguzi halali kwenye shule aliyoiandikia taarifa, anasubiri marekebisho akiwa nje. Anakwenda kwa shemeji yangu, mwanawe wa kiume, ng'ambo ya mji. Mke wangu alijaribu kumshika mkono. Akamwambia atulie, kwamba hili ni la kiofisi.

Nilimbebea mkoba mpaka kwenye teksi. Akafungua kioo. Nikadhani anataka kuniaga. Akasema: tumbo la mtoto uliangalie, Bwana Mwandishi. Ule mchango haukuwa wa kompyuta.


Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu amekwenda ofisini. Aliacha maziwa kwenye jokofu, maelekezo ya mdomo, na uso uliokuwa ukitazama nyuma mpaka kwenye kona.

Mimi na binti yangu. Peke yetu.

Chupa hakutaka. Wimbo hakutaka. Dirisha hakutaka. Nikamgusa tumbo kwa vidole viwili, kama nilivyoona. Ngoma! Limekaza kweli! Tangu wiki iliyopita lilikuwa limekaza, na mtu aliyesema hivyo mimi nikamwambia dunia nzima kwamba hajui kitu.

Nikampigia simu. Hakuuliza hali. Alisikia kilio, akasema niweke simu kwenye spika na nifuate. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako. Kichwa chake kwenye kiwiko. Miguu ining'inie huku na huku, kama chui juu ya tawi. Kiganja kingine mgongoni, zungusha, polepole. Nikauliza niimbe? Akasema hasa usiimbe.

Nikazungusha. Nikatembea. Kilio kikashuka, kikawa lalamiko, kikawa manung'uniko ya mzee. Halafu ikatoka sauti! Sauti ile, kutoka kwenye mwili ule! Nilitazama nyuma nikidhani kuna mtu mwingine chumbani. Mkono wangu ukalisikia tumbo likilegea, taratibu, likawa laini kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Akashusha pumzi ndefu. Uzito wake wote ukaniangukia mkononi. Alikuwa amenikabidhi.

Nimeona programu zikiandikwa na watu elfu, nikasema hiyo ndiyo ajabu ya mwisho. Sikuwa nimeshika kitu.

Baadaye akanywa chupa. Kwa mkono wangu.

Nikamwambia mama mkwe asante, mama. Akauliza kama taarifa yake imefungwa. Nikasema bado. Akasema basi na yeye bado yuko kwa mwanawe, akakata.

Kutwa sikufungua kompyuta. Nilipochungulia jioni, kila swali lilikuwa limejibiwa na wengine. Watu wawili nisiowajua wametafsiri makala ya chafya kwa lugha zao, na mama mkwe hajui kitu huko pia. Hakuna aliyeuliza niko wapi. Nilifarijika. Niliumia kidogo.


Jumanne, 10 Juni

Mke wangu amesema kwenye kifungua kinywa. Alhamisi jioni lazima alitaje jina la kiongozi wa kikosi. Kama mama yake hajarudi ndani ya nyumba hii, atamwachia mwenzake, yule anayechungulia darubini upande usio wake. Hakulaumu. Alikuwa anamenya yai, amelimenya mpaka halikubaki la kumenya.

Kweli nilimwambia kwamba chupa sasa anaipokea kwangu. Akatabasamu kidogo. Akasema chupa moja si wiki.

Nikampigia mama mkwe. Akatoa masharti, ya kikaguzi. Sentensi ya nne irekebishwe. Irekebishwe kwa njia halali, kwa jicho la pili, isifutwe kichinichini kama mtoto anayefuta ubao. Na nije kumchukua mwenyewe. Nikasema nimekubali yote. Akaniita mwanangu! Kwa kuteleza, nadhani, lakini nimelisikia.

Moyo mwepesi. Nikajifungia chumba cha pasi, mke wangu alipokuwa anatoka nimemwambia kwamba napiga pasi, mtoto mgongoni. Nikamwandikia Koma kila kitu, bila kuficha: hasira, kitufe, shali. Akajibu kwamba hajawahi kuona badiliko lenye sababu nzuri kiasi hicho, nilete sentensi sahihi.

Nikaandika: “Mama mkwe wangu anajua kila kitu.”

Nzuri. Lakini ilikaa kipweke. Na nilifikiri, kwa nini nimfurahishe mmoja na kumwacha mwenzake? Mke wangu naye ametajwa wapi katika makala hii? Hakuna. Mpima ardhi mzima, kiongozi wa kikosi, mama wa mtoto mwenyewe, hana hata neno! Nikaongeza, kwa mapenzi, ili naye asomwe duniani: “Mke wangu bado anajifunza, lakini ana bidii.”

Koma akauliza kama mhusika ameoneshwa. Nikamwambia ndiyo utamu wenyewe, nataka imkute bila kutegemea. Akaweka mkato mmoja, akaidhinisha. Toleo limeshatoka.

Sasa naahidi, na nimeandika kwa wino: Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, nitakuwa mlangoni kwa shemeji, mtoto mkononi. Nitaomba radhi nimesimama. Nitaisoma makala mpya kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, nisiruke hata moja. Na mke wangu nimeshamwomba achukue ruhusa kazini aje, asikie kwa masikio yake mwenyewe.